Rutuba ya Mtufaha wa Jangwani

Kosa lililonifunza zaidi katika kazi ya tafsiri lilikuwa la neno moja tu. Nilikuwa na maelezo ya Kiarabu kuhusu ukuzaji wa mitufaha kwenye ardhi za jangwa la Misri, na mwandishi wake alisisitiza kwamba wakati wa joto mkulima ailinde rutuba ya udongo kila siku. Neno lenyewe lilikuwa hilohilo, rutuba, kwa herufi za Kiarabu. Nikaliandika kama lilivyo, nikaendelea. Kurasa mbili mbele nikakuta anaeleza namna ya kuipima rutuba hiyo: fukua karibu na shina, chukua mchanga wa chini, ufumbate, kisha ufungue kiganja. Ukishikamana, subiri. Ukichuruzika kati ya vidole, fungulia maji. Hapo nikashtuka. Mbolea haipimwi kwa kufumbata. Alikuwa akizungumzia unyevu tangu mwanzo.

Kwa Mwarabu rutuba ni majimaji: unyevunyevu wa hewa, wa ukuta, wa udongo. Kwetu rutuba ni nguvu ya ardhi ya kuotesha na kuzalisha. Kamusi za zamani za Kiswahili bado zinautaja unyevu miongoni mwa maana zake, lakini mtoto wa shule wa leo ukimwambia kwamba ukuta wa choo una rutuba atakushangaa. Naona njia iliyopitwa na neno hili. Ardhi yenye majimaji ndiyo inayozaa, basi jina la majimaji likawa jina la kuzaa, na muda si mrefu maji yakasahauliwa. Siku hizi daktari anasema yai limerutubishwa, na hakuna anayefikiria tone la maji.

Tangu siku ile nimelirudia neno hili mara nyingi, na nimefikia hatua ya kuamini kwamba kwa mti wa jangwani maana zake mbili ni moja. Ili nieleze kwa nini, sina budi kupita kwenye maneno mengine, kuanzia na jina la mti wenyewe.

Ukiomba tofaa sokoni Zanzibar au Mombasa, msimu wake ukiwa umeingia, utapewa tunda jekundu lililokoza, nyama nyeupe iliyojaa maji, na harufu ya mbali ya waridi. Ukiomba tuffah Kairo utapewa tunda lile ambalo vitabu vya shule huliita tufaha na muuza matunda wa Kariakoo huliita epo. Jina ni moja, miti ni miwili, wala haihusiani hata kwa ukoo. Waarabu walikuja na jina, mti wenyewe haukuja. Wazee wa pwani wakalivika jina hilo tunda walilokuwa nalo. Sioni kosa. Lakini humu nitaandika mtufaha kwa ule wa Kairo, na mtofaa nitawaachia wenyewe wa pwani.

Mitufaha niliyokuwa nikiitafsiria iko magharibi ya Delta ya Nile, kando ya barabara ya jangwani itokayo Kairo kwenda Aleksandria. Baada ya mapinduzi ya 1952 serikali ya Misri ilianza kuigeuza nchi hiyo ya mchanga kuwa mashamba, kwanza katika eneo lililoitwa Mkoa wa Tahrir, yaani wa Ukombozi, kisha Nubariya na kwingineko. Maji huletwa kwa mifereji kutoka Nile, au huvutwa visimani. Sehemu kubwa ya maji ya Nile hutoka nyanda za juu za Ethiopia, lakini mengine hutoka Ziwa Viktoria yakapitia Jinja, kwa hiyo mwenyeji wa Mwanza au Kisumu anaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba ziwa lake lina mkono katika matunda yale.

Mtufaha ni mti wa baridi. Hulala kipupwe kizima, na aina nyingi za kale zinahitaji karibu saa 1,000 za baridi ya chini ya nyuzi 7 ndipo ziamke na kuchanua vizuri. Jangwa halina saa hizo. Aina iliyoenea huko huitwa Anna, iliyozalishwa nchini Israeli, ambayo hutosheka na saa 200 hadi 300 tu, huchanua majira ya kuchipua yanapoanza, na huvunwa mwezi Juni. Wakulima wa Kenya nao wanaijua. Basi baridi imepatiwa jawabu. Likabaki suala la ardhi.

Nasema ardhi kwa makusudi, maana neno udongo hapa linanitatiza. Udongo kwetu ni kitu cha mfinyanzi. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Unafinyangwa, unashika, unabaki na alama ya kidole. Mchanga hauwahiwi hata ukiwa maji. Wamisri wenyewe hawachanganyi: shamba la kale la bonde la Nile wanaliita tin, yaani tope, na neno la wingi wake, atyan, limekuwa jina la mashamba yote ya mtu, mali yake. Mwenye tope ndiye mwenye ardhi. Babu zao wa enzi za Mafirauni waliita bonde nchi nyeusi na jangwa nchi nyekundu, nao walijua kwa nini wametenga majina. Sisi tunaandika "udongo wa jangwani" na msomaji anapata picha ya kitu kinachoshika, ilhali shida yote ya mkulima wa kule ni kwamba hakishiki.

Hakishiki nini? Kwanza maji. Mchanga hunywa haraka na kupitisha haraka, kama kapu. Pili, chakula cha mti. Naitrojeni ndani ya ardhi huwa na sura mbili kubwa. Ya kwanza ni amoniamu, ambayo hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na mboji; lakini mchanga wa jangwa una mfinyanzi kidogo na mboji karibu hakuna, kwa hiyo haina pa kujishikiza. Ya pili ni nitrati, ambayo haishiki hata udongo mzuri. Nitrati ni mwenzi wa maji wa kweli: yakienda inakwenda, yakizama inazama. Mkulima akifungulia maji mengi kwa huruma, anaisindikiza mbolea yake hadi chini ya mizizi, kwenye kina ambacho mti hautafika, na baadaye kwenye visima vya watu.

Hapo ndipo nililazimika kulitazama upya neno umwagiliaji. Ni neno la serikali na la magazeti. Tanzania ina Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Kenya wanapenda unyunyiziaji. Umbo la neno ni zuri: mwaga, mwagia, mwagilia, mnyambuliko umekwenda hatua mbili kwa sababu kitendo chenyewe ni cha kudumu, cha kurudiarudia. Lakini shina lake ni mwaga, nalo halijawahi kuwa neno la uangalifu. Tunamwaga maji machafu. Tunamwaga chozi, damu, siri. Na maji yakimwagika hayazoleki. Katika shamba la mpunga la Mbarali, maji yakitandazwa juu ya udongo mzito, mwaga linafaa. Jangwani kila kinachomwagika kimepotea, na hakipotei peke yake.

Jawabu la jangwa lilikuwa tone. Mwaka 1965, katika kijiji cha Hatzerim kwenye jangwa la Negev, Simcha Blass na wenzake walianzisha kiwanda cha mipira ya plastiki yenye vitundu vinavyotoa maji tone baada ya tone juu ya mizizi. Sisi tukaiita njia hiyo umwagiliaji wa matone. Litafakari neno hilo: kumwaga kwa tone! Maneno hayo mawili hayakai chungu kimoja. Nimejaribu utoneshaji, kutoka tona, na nikaliacha siku hiyohiyo, kwa sababu kutonesha kwetu ni kugusa kidonda cha mtu kikaanza kuuma upya. Mkulima wa Kilolo au wa Naivasha hajisumbui. Anasema dripu, na mipira ya dripu, na kazi inakwenda.

Mimi nalipenda neno la mfugaji: kunywesha. Anayenywesha ng'ombe hatazami birika, anamtazama mnyama. Anajua nani amekunywa na nani amesukumwa nyuma. Hatoi maji ya wiki nzima kwa siku moja akidhani ng'ombe ataweka akiba tumboni. Mwagilia ni kitenzi cha anayetoa. Nywesha ni kitenzi kinachomtambua anayepokea, kwa kuwa ndani yake mna kunywa. Na mtufaha wa mchangani hunyweshwa hivyo, kidogo na mara kwa mara, wakati wa joto kali hata kila siku. Mbolea nayo haimwagwi shinani kwa kopo mara mbili kwa mwaka. Huyeyushwa kwenye pipa, ikapita katika mipira ileile ya maji, kwa dozi ndogondogo wiki baada ya wiki. Kitendo hicho cha kuyeyusha na kupitisha hatujakipa jina lililokubalika. Kunywesha mbolea linatosha, na mtu yeyote atalielewa bila kufundishwa.

Sasa naitrojeni yenyewe. Neno hili nililiona geni, la maabara, hadi nilipofuatilia lilikotoka nikajikuta kwenye barabara ileile ya Kairo na Aleksandria. Kando yake kuna bonde liitwalo Wadi el-Natrun, lenye maziwa ya magadi. Magadi hayo ndiyo ambayo Wamisri wa kale waliyatumia kukaushia maiti za wafalme wao. Jina la Kimisri la magadi likaingia Kigiriki likawa nitron. Karne zilipopita likahamia kwenye chumvi nyingine nyeupe, shura, ile ya kutengenezea baruti. Na mwaka 1790 Mfaransa Jean-Antoine Chaptal, akiona kwamba hewa fulani ndiyo inayozaa shura, akaiita nitrogène. Kwa tafsiri ya moja kwa moja, kizaa-shura. Na sisi tuna ushahidi wa safari hiyo kwenye ramani yetu: Ziwa Natron upande wa Tanzania, Ziwa Magadi upande wa Kenya, majirani wawili, jina moja kwa lugha mbili. Kipande cha magadi anachotia mama kwenye maharage ili yaive upesi ni ndugu wa lile neno lililoandikwa kwenye mfuko wa mbolea. Ni ndugu wa jina tu, maana magadi yenyewe hayana naitrojeni hata chembe, na mtufaha huyachukia.

Amonia nayo ni ya jangwa hilohilo. Jina lake latoka kwa Amuni, mungu wa Wamisri, aliyekuwa na hekalu katika chemchemi ya Siwa, magharibi kabisa karibu na Libya. Aleksanda Mkuu alikwenda kuliona mwaka 331 kabla ya Kristo. Chumvi iliyonasibishwa na hekalu hilo iliitwa chumvi ya Amuni, na katika karne ya 18 wanakemia wakatoa humo jina la gesi. Leo mkulima akitawanya yurea, ambayo asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, juu ya mchanga wenye chokaa na magadi, kisha asiifukie wala asiipitishie maji, sehemu yake hugeuka gesi ikaruka. Asubuhi, jua linapoanza kupanda, unaisikia puani: harufu kali ya zizi lililofungwa usiku kucha. Ni fedha za mkulima zinazorudi angani, kwenye hewa ambayo tayari asilimia 78 yake ni naitrojeni.

Wamisri wenyewe mbolea hizi wanaziita za azot, kwa kufuata jina la Kifaransa ambalo mwanakemia Lavoisier na wenzake walilitunga 1787. Azote maana yake ni kisicho na uhai, kwa sababu panya aliyewekwa ndani ya hewa hiyo tupu alikufa. Nimewahi kuona mfuko wenye neno hilo umeegemezwa kwenye mti uliojaa majani. Kati ya majina mawili, kizaa-shura na kisicho na uhai, sisi wa Afrika Mashariki tulipata lililo jema zaidi.

Kwa upande wa mbolea, maneno yetu yana akili nyingi kuliko tunavyoyasifu. Mbolea lenyewe, kwa sikio langu, lina harufu ya kuoza ndani yake. Wazulu na Wabemba husema bola kwa kuoza, na bovu letu ni la ukoo huo. Samadi ni Kiarabu, lakini tumelibana: Mwarabu huita samad mbolea yoyote, hata ya kiwandani, sisi tumeliacha zizini. Mkulima wa Tanzania huuliza kama mbolea ni ya kupandia au ya kukuzia, akiitaja kwa kazi yake wala si kwa kemia yake, na naitrojeni ndiyo ya kukuzia. Ila neno linalonigusa kuliko yote ni lile la maofisa ugani wa zamani: mbolea ya chumvichumvi. Vijana wanalikwepa, wanaliona la kishamba. Kumbe ndilo la kisayansi. Yurea si chumvi kwa maana ya kemia, lakini nitrati ya amonia na salfeti ya amonia ni chumvi kwelikweli, na mtufaha ni miongoni mwa miti ya matunda isiyovumilia chumvi.

Chuchumaa chini ya mti mmoja mwezi wa Juni uone. Chini ya tundu la mpira mchanga ni mweusi, umelowa. Ukitoka hapo rangi inafifia, kisha unafika kwenye ukingo, na kwenye ukingo kuna duara jeupe, jembamba, linalovunjika kwa ukucha kama ganda la yai. Ni chumvi. Maji yalipotambaa kutoka kwenye tone yaliisukuma hadi pale yalipokaukia. Ndani ya duara mizizi inaishi. Kwenye duara haiishi. Na mvua ndogo ya kipupwe ikinyesha, ile ambayo mtu angeishukuru, huichukua chumvi hiyo ikairudisha katikati. Ndiyo maana mkulima anayejua huwasha dripu mvua inaponyesha, na jirani asiyejua humwona amerukwa na akili.

Kiarabu cha Misri kimelitia jambo hili ndani ya mzizi mmoja. Sabakha ni ardhi ya chumvi; sibakh ni mbolea. Zamani wakulima walikuwa wakichimba magofu ya miji ya kale, kwa sababu matofali ya tope yaliyooza yalikuwa na nitrati nyingi, wakayasambaza mashambani. Yasemekana mwanamke aliyekuwa akichimba sibakh ndiye aliyezigundua, mwaka 1887 huko Amarna, barua za wafalme zilizoandikwa kwenye vibao vya udongo. Chumvi, mbolea na udongo katika shimo moja! Anayesema chumvichumvi na anayesema sibakh hawajawahi kuonana, lakini wameiona ardhi kwa jicho moja.

Kuna mahali Kiswahili chetu hakijatosheleza. Jani likipoteza kijani chake tunasema limekuwa la njano, basi. Mtufaha wa jangwani una njano mbili. Ukikosa naitrojeni, mti huivua kwenye majani ya chini, ya wakubwa, na kuipeleka juu kwa wachanga, kwa hiyo njano huanzia chini. Ukikosa chuma, ambacho mchanga wenye chokaa hukifungia hata kikiwemo, njano huanzia juu, kwa majani machanga, na mishipa hubaki kijani kama ramani ya mito. Mkulima aliyeambiwa tu kwamba njano ni njaa ya mbolea ya kukuzia ataongeza yurea kwenye mti unaolilia chuma. Napendekeza tuseme njano ya chini na njano ya juu. Ni maneno ya mtoto, na yataokoa mifuko mingi.

Kuzidisha nako kuna gharama. Naitrojeni ikipita kiasi mti hukimbilia kuchipua: matawi marefu, majani manene ya kijani kibichi sana, kivuli kizito juu ya matunda. Tufaha lililokua kivulini halipati wekundu wake, nyama yake huwa laini, haliwekeki muda mrefu, na likikosa kalsiamu ya kutosha hupata madoa ya kahawia yenye uchungu chini ya ganda. Wataalamu hupima majani yaliyokaushwa, na naitrojeni ikiwa karibu asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wao hutosheka. Halafu kuna jambo ambalo wahenga walilifunga katika maneno mawili: akiba haiozi. Maua ya mtufaha hayasubiri mbolea ya mwaka huu. Hulishwa na naitrojeni ambayo mti uliirudisha kutoka kwenye majani na kuihifadhi ndani ya magome na mbao mwaka jana, kabla ya kulala. Anayeuacha mti na njaa baada ya mavuno ya Juni ataliona deni lake maua yatakapofunguka.

Narudi kwenye rutuba. Mchangani naitrojeni haina makao ila ndani ya maji, na maji yakikosa kiasi, yakipungua au yakizidi, naitrojeni haipo hata kama mfuko mzima umemiminwa. Neno walilotuachia Waarabu lilikuwa na unyevu. Neno tulilolikuza sisi lina uzazi. Mtufaha unahitaji yote mawili kwa pamoja, kwa tone lilelile. Ndugu zangu mnaohariri kamusi, nawaomba msiiache maana ya unyevu ibaki kwenye vitabu vya zamani vilivyochakaa. Irudisheni, ikae namba moja, na ile ya nguvu ya ardhi ikae namba mbili, ili msomaji aone ya pili ilivyozaliwa na ya kwanza. Na wenzangu mnaowaandikia wakulima, mkiwa na nafasi ya kuchagua kati ya kumwagilia na kunywesha, chagueni kunywesha.

Katika tafsiri ile nililifuta neno langu, nikaandika: hakikisha mchanga una unyevu kila siku, na mbolea yake iwe ndani ya maji hayo.